Viungo vya 123456789: tulichokikuta tulipohamisha hazina ya maktaba

Ukikuta kiungo cha tasnifu kwenye tovuti ya chuo, na ndani yake kuna neno handle likifuatiwa na namba 123456789, kijaribu kwanza kabla hujakinukuu. Namba hiyo si ya chuo hicho, wala si ya chuo chochote. Ni namba ya mfano inayokuja na DSpace, programu ambayo maktaba nyingi za vyuo duniani huitumia kuhifadhi tasnifu, makala na ripoti zao. Anayeisimika anatakiwa kuibadilisha kabla hati ya kwanza haijaingia. Wengi hawaibadilishi. Programu inafanya kazi vilevile, viungo vinafunguka vilevile, na hakuna anayeshtuka mpaka siku seva inapohama.

Kwetu siku hiyo ilifika nikiwa msimamizi wa hazina ya kidijitali ya maktaba. Chuo kilikuwa kimebadilisha jina la tovuti yake, seva ya zamani ilikuwa imechoka, na agizo lilishatoka: hazina ihame, tena ihame kabla muhula haujafunguliwa. Hazina yenyewe niliikuta. Mkandarasi aliyeisimika alishalipwa, akakabidhi nywila, akaenda zake. Kwenye karatasi za makabidhiano kulikuwa na mstari unaosema kila hati ina kitambulisho cha kudumu. Ndivyo maktaba nzima ilivyoamini, na ndivyo wanafunzi wa shahada za juu walivyokuwa wakifundishwa kwenye semina: nakili kiungo hiki, weka kwenye marejeo yako, hakitakufa.

Kwa asiyejua, anwani ya kawaida ya intaneti inaeleza kitu kiko wapi: seva fulani, folda fulani, faili fulani. Kitu kikihama, anwani inabaki ikielekeza mahali patupu. Kitambulisho cha kudumu kinakitaja kitu chenyewe, na nyuma yake kuna daftari linaloonyesha kitu hicho leo kiko wapi. Msomaji akibofya, daftari linaulizwa, naye anapelekwa. Kitu kikihama, mwenye kitu anabadilisha mstari mmoja tu daftarini; yaliyokwisha kuchapishwa kwenye vitabu na majarida hayaguswi. Handle, DOI, ARK, PURL na URN zote zimejengwa juu ya wazo hilo. Zinatofautiana katika nani anashika daftari, kwa masharti gani, na nani analipa.

Sasa 123456789 haina daftari. Handle halisi huwa na sehemu ya kwanza, yaani prefiksi, iliyosajiliwa kwa jina la taasisi. Siku hizi prefiksi nyingi mpya huanza na 20.500. Baada ya mkwaju (/) inafuata namba ya hati. Viungo vyetu vilikuwa vinafunguka kwa sababu vilianza na jina la tovuti yetu wenyewe, na programu ilikuwa inaitafuta hati ndani ya hifadhidata yake. Nje ya seva yetu hapakuwa na mtu anayejua 123456789/412 ni tasnifu ya nani. Kwa maneno mengine, zilikuwa anwani za kawaida zilizovalishwa mavazi ya kitambulisho cha kudumu.

Kama una hazina kama hiyo, jaribio lenyewe ni jepesi. Chukua kitambulisho cha hati yoyote, futa jina la tovuti yenu pamoja na neno handle linalolifuata, weka hdl.handle.net mahali pake, kisha bofya. Kikikuleta kwenye hati, shukuru. Kisipokuleta, karibu kwenye chama.

Nilipompelekea mkurugenzi habari hizi, alinijibu kwa utulivu kabisa, "Lakini mbona vinafunguka?" Nikamwambia, "Vinafunguka leo, Mkurugenzi. Jina la tovuti likizimwa, tasnifu zote zilizonukuliwa nje zinageuka ukurasa wa 404, ule wa kosa la "haipatikani"." Akauliza ni tasnifu ngapi zimenukuliwa nje. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu hakuna mahali pa kuangalia. Kiungo kikishatoka kikaingia kwenye marejeo ya mtu, huna orodha ya waliokichukua. Kiko kwenye majarida, kwenye ripoti za serikali, kwenye tasnifu nyingine zilizochapwa na kujalidiwa. Huwezi kuwapigia simu wote.

Wakati mwingi ulikwenda kwenye kuchagua mfumo. Wala si kwa sababu mifumo ni migumu kuelewa, ila kila mtu alikuja na aliyoyasikia. Mhadhiri mmoja mwandamizi alitaka kila kitu kipewe DOI, hata mitihani ya zamani, kwa hoja kwamba DOI zina heshima. Nimekutana na imani hiyo mara nyingi mno, na inapotosha. DOI haisemi makala ni nzuri wala kwamba imepitiwa na wataalamu. Inasema kuna taasisi iliyoisajili, ikatoa maelezo yake, na ikakubali kuyasasisha kitu kikihama. Basi. DOI huanza na 10, na kwa ndani zinaendeshwa na mfumo uleule wa Handle. Nguvu yake iko kwenye mashirika yanayozisajili: Crossref, iliyoanza mwaka 2000 kwa ajili ya wachapishaji wa majarida, na DataCite, iliyoundwa 2009, ambayo inapendwa zaidi na wanaohifadhi data za utafiti. Unalipa uanachama, unalipia na usajili wa vitambulisho, na unabeba wajibu wa kutuma metadata safi, yaani maelezo ya kila hati. Kwa majarida ya chuo hilo lina maana, kwa sababu marejeo ya makala moja yanaunganishwa na makala nyingine kupitia humo humo. Kwa mitihani ya zamani ni gharama ya bure.

ARK ndiyo iliyonivutia kuliko zote, na nisingekuwa na haraka ya muhula labda tungeichukua. Ilianzia mwaka 2001 kwa kazi ya John Kunze, na maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha California ikailea. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa inaitumia: ukiona 12148 kwenye kiungo cha kitabu cha Gallica, hazina yake ya kidijitali, hiyo ndiyo namba ya maktaba hiyo. Kupata namba ya taasisi hakuna ada. Wanaotengeneza vitambulisho vyake kwa programu ya Noid wanatumia tarakimu pamoja na konsonanti, bila irabu, ili mashine isije ikatunga neno la aibu kwa bahati mbaya, na herufi l haimo kwa sababu inafanana na 1. Tena kuna herufi ya mwisho ya kuhakiki, kama ile tarakimu ya mwisho ya ISBN, kwa hiyo mtu akikosea kunakili herufi moja, kosa linaonekana. Aliyewahi kukaa dawati la maktaba akisomewa kiungo kwenye simu anajua hiyo ina thamani gani.

URN za NBN, yaani namba za bibliografia ya taifa, zinatolewa kupitia maktaba za taifa, kama zinavyofanya Ufini na Ujerumani. Kama maktaba ya taifa lenu haijaanza, hapo hamna njia. PURL nazo zina historia ya kufundisha: OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, ilizianzisha katikati ya miaka ya 1990, ikaziendesha kwa takriban miaka 20, kisha mwaka 2016 huduma ikahamia Internet Archive. Wanaosema mfumo fulani "ni wa milele" huwa wanasahau kwamba hata mshika daftari anaweza kubadilika.

Mwishowe tukachukua Handle kwa hazina nzima, na DOI kwa majarida peke yake. Sababu yenyewe ni ya kawaida sana: DSpace imeizoea Handle tangu ilipozaliwa mwaka 2002, na seva ya Handle inakuja ndani yake. Ada ya prefiksi ni dola 50 za Marekani kwa mwaka. Na hapa nieleze jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote niliousoma. Dola 50 ni kiasi kidogo mno kwa ofisi ya fedha. Ingekuwa dola 5,000, kungekuwa na zabuni, kamati, kasma, na mtu wa kuifuatilia. Dola 50 haina kasma. Inataka kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, na taasisi nyingi hazina kadi ya namna hiyo. Barua yangu ilizunguka meza nyingi kabla ya kulipwa, na mtu mmoja alinishauri kwa nia njema kabisa nilipe mwenyewe nirudishiwe baadaye. Nilikataa, nawe ukatae. Ukilipa kwa kadi yako, ankara ya mwaka ujao itakuja kwenye barua pepe yako, na siku ukihama kazi, vitambulisho vya maktaba vinabaki vinaning'inia kwenye kadi ya mtu aliyeondoka.

Usajili ulipokamilika tukawasha seva ya Handle. Tukajaribu ofisini: inajibu. Tukashangilia. Jioni nikajaribu kwa simu nikiwa nje ya chuo: haijibu. Nikarudi ofisini: inajibu. Kisa kilikuwa ukuta wa moto. Daftari la dunia linaongea na seva yako kupitia mlango namba 2641, na mafundi wa TEHAMA kwetu hufunga kila mlango wasioujua, jambo ambalo siwalaumu. Waombe waufungue mapema, kwa maandishi, na sababu ikiwemo. La sivyo fundi mwingine atakuja kufanya usafi mwaka unaofuata na kuufunga tena. Na kila unachojaribu kuhusu vitambulisho, kijaribu ukiwa nje, kwa mtandao wa simu. Ndani ya chuo kila kitu huonekana kizima.

Kubadilisha prefiksi kwenye hifadhidata kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. DSpace ina amri ya kazi hiyo: unaipa prefiksi ya zamani na mpya, inapita rekodi zote. Namba ya hati haibadiliki, 412 inabaki 412, na hilo ndilo lililotuokoa baadaye. Chukua nakala rudufu ya hifadhidata kwanza, halafu ujenge upya faharasa ya utafutaji ukimaliza, vinginevyo orodha zitaendelea kuonyesha viungo vya zamani na utadhani kazi imeshindikana. Rekodi zetu nyingine amri haikuzigusa, kwa kuwa kiungo chake kiliandikwa kwa jina lote la tovuti ya zamani. Hizo tulizitoa kwenye jedwali, tukabadilisha kwa mkupuo, tukazirudisha.

Kilichokuwa kigumu ni viungo vilivyokwisha kutoka nje. Kwa kuwa namba ya hati ilikuwa ileile, fundi aliandika kanuni moja kwenye seva ya jina la zamani: anayekuja na 123456789 na namba ya hati, apelekwe kwenye prefiksi mpya na namba ileile. Ikafanya kazi vizuri kwa muda, kisha mwanafunzi mmoja wa uzamivu akaandika kulalamika kwamba kiungo alichokinukuu hakifunguki. Kukiangalia, hakikuwa kiungo cha ukurasa wa tasnifu. Kilikuwa cha faili lenyewe la PDF, chenye neno bitstream na jina la faili mwishoni. Injini za utafutaji humpeleka mtu moja kwa moja kwenye PDF, na mtu ananakili alichokiona. Tukaongeza kanuni ya pili: anayekuja kwa faili, apelekwe kwenye ukurasa wa hati yenye faili hilo. Bahati nzuri, namba ya hati ilikuwa imo ndani ya kiungo cha faili pia. Ukihama, pitia kumbukumbu za seva ya zamani uone maombi yanayoishia kwenye 404. Zitakuonyesha aina za viungo ambazo hukuzifikiria.

Lakini kanuni hizo zote zinakaa kwenye jina la tovuti la zamani. Jina likiisha muda na lisilipiwe, kanuni zimekufa pamoja nalo, na anaweza kuja mtu asiyejulikana akalinunua na kuweka matangazo ya kamari mahali palipokuwa na tasnifu zenu. Nilipofuatilia nani hupokea taarifa za kulipia jina hilo, nikakuta zinakwenda kwenye barua pepe ya mtumishi aliyestaafu zamani. Hakuna aliyekuwa anazisoma. Jina lilikuwa linaendelea kuishi kwa sababu mtu fulani ofisi ya fedha alikuwa na mazoea ya kulipa ankara fulani kila mwaka bila kuuliza ni ya nini. Mungu ambariki.

Msidhani hayo ni ya vyuo vidogo tu. Januari 2015, jina la doi.org lenyewe halikuhuishwa sawasawa, na kwa vipindi ndani ya saa 48 zilizofuata sehemu kubwa ya viungo vya DOI duniani ilikuwa inafeli. Mfumo ulikuwa mzima, seva nzima, metadata nzima. Ankara tu. Tangu nisome kisa hicho sikuona tena aibu kuandika barua nyingine kwa ofisi ya fedha. Sasa taarifa za prefiksi na za majina yote mawili zinakwenda kwenye anwani ya ofisi inayosomwa na watu zaidi ya mmoja, tarehe za kulipa zimo kwenye kalenda ya maktaba, na malipo ya jina la zamani yamewekewa kasma. Lile la mwisho lilihitaji mabishano. "Tuendelee kulipia jina tusilolitumia?" Ndiyo. Tuendelee.

Kwa upande wa wasomaji, usitegemee kwamba watatumia kitambulisho kwa sababu umekiweka. Watu hunakili kilicho kwenye upau wa anwani. Kwenye matoleo mapya ya DSpace, kuanzia la 7, upau huonyesha neno items na mlolongo wa herufi na tarakimu 32, na mtu anaubeba hivyo hivyo. Sisi tulisogeza kitambulisho juu kabisa ya ukurasa, chini ya jina la mwandishi, na kitufe cha kunakili pembeni. Kwenye semina siku hizi siahidi tena kwamba kiungo hakitakufa. Nawaonyesha wanafunzi kiungo kimoja kilichokufa na kimoja kilichopona, nawaambia tofauti yake iko wapi. Pia nawaonyesha ile nukta. Marejeo huishia na nukta, na mtu akiiunganisha na kiungo, programu nyingine huichukua kuwa sehemu ya kiungo, na kitambulisho kizima kikaonekana kibovu. Vilevile kwenye tasnifu zilizochapwa, kiungo kikikatwa mwisho wa mstari, programu ya kuandikia huweka kistari ambacho hakimo. Mara kadhaa nimeletewa "kiungo kibovu" ambacho kosa lake lilikuwa kistari hicho tu.

Wakutubi wa katalogi nao tulizungumza. Kwenye rekodi ya MARC, muundo wa rekodi za katalogi za maktaba, kitambulisho kinaingia kwenye uga wa 024, na kiungo cha kubofya kwenye 856. Wengi hujaza 856 peke yake, tena kwa kiungo walichokiokota kwenye kivinjari wakiwa wameingia kwa akaunti ya maktaba, chenye alama za kikao zinazokwisha muda baada ya masaa machache. Kiungo cha namna hiyo kinafunguka kwa mkutubi na hakifunguki kwa msomaji. Kama makala ina DOI, weka DOI, na kama inahitaji usajili wa maktaba, tanguliza mbele yake anwani ya proksi yenu, seva inayompitisha msomaji aliyesajiliwa na maktaba.

Na kufuta. Kuna tasnifu iliyoombwa iondolewe na mwandishi wake kwa sababu zake za haki, na msaidizi akaifuta kabisa. Kitambulisho kikabaki kinaelekeza kwenye kosa, na waliokuwa wameinukuu wakaonekana kama wametunga. DSpace ina njia mbili, kuondoa na kufuta kabisa, na vitufe vyake vimekaa karibu karibu. Ukiondoa, kitambulisho kinaendelea kuleta ukurasa unaosema hati hii ilikuwepo na imeondolewa. Tumewaondolea wasaidizi ruhusa ya kufuta; anayetaka kufuta kabisa anapitia kwangu na kwa mkuu wa kitengo, na sababu inaandikwa.

Zimebaki tasnifu zilizopakiwa mara mbili, kila moja na kitambulisho chake, na zote mbili zimenukuliwa. Tunazipitia polepole: tunabakiza rekodi yenye maelezo bora, na kitambulisho cha pili tunakielekeza huko huko kwenye seva ya Handle badala ya kukifuta. Kazi hiyo haijaisha. Kila Ijumaa mmoja wetu anachukua viungo vichache vya bahati nasibu kutoka kwenye tasnifu zilizojalidiwa rafuni, anavijaribu kwa simu yake, na kisichofunguka kinaingia kwenye orodha ya Jumatatu.